Likizo Isiyo na Chumvi

Julai, bweni limefungwa.
Matroni alihesabu magodoro, akanipa siku mbili,
na tiketi ya Moroni bei yake
ni karo ya muhula na nusu yake tena.
Basi nimehamia Igogo, juu, kwenye mawe,
chumba kimoja kwa Mbuke muuza michembe.
Mlango wa bati. Ukuta wa nne ni jiwe lenyewe,
usiku kucha linatoa joto la mchana
kama mgonjwa asiyetaka kusema panapouma.

Kwetu mawe ni meusi. Mlima uliyatapika,
bibi yangu anakumbuka hata siku.
Haya ya kijivu yamekaa moja juu ya jingine
na hakuna linaloanguka.
Niliuliza nani aliyapanga.
Mbuke akaniuliza, ya Agosti utalipa lini?

Asubuhi namwambia Mwangaluka,
nalitamka kama mtu anayemeza klorokwini, haraka, lipite.
Watoto wanalirudia kwa lafudhi yangu.
Wiki ya tano sasa, bado linawachekesha.
Kwetu mdogo husema kwezi, mkubwa huitikia mbona,
na mambo yanaishia hapo, kwa amani.
Siku ya kwanza Ng'washi wa darasa la tatu
aliniinamia: Shikamoo, dada.
Mbona, nikajibu, kwa upole wote nilionao.
Sijafanya kitu! akasema,
akakimbia na sare yake na kiatu kimoja.

Jumanne, uhamiaji, dirisha la pili.
Kibali kinaisha tarehe kumi.
Karani alisoma jina langu, Zalihata,
akalisoma tena kana kwamba limepungua herufi.
Mngazija? Mbona unaongea kama Mpemba mwenye mafua?
Sikumjibu.
Nilisikia mbona, nikadhani ananiitikia.

Jumamosi moshi ulisimama juu ya maji.
Haukuwa moshi. Walikuwa wadudu wa ziwa,
wakaja na upepo, wakaingia kwenye chai,
kwenye nguo nilizoanika juu ya mwamba,
kwenye daftari la famasia, sura ya figo.
Niliwapuliza mmoja mmoja kutoka kwenye mstari
unaosema mwili ukikosa chumvi
figo huishikilia ile kidogo iliyobaki.
Umeme ulikatika hapo hapo.
Luku ilikuwa zamu yangu.

Mama hupiga saa mbili, dakika tano za bando.
Bahari ya huko ikoje?
Nimeshamwambia ni ziwa. Mara tatu nimemwambia.
Maji usiyoyaona ng'ambo ni bahari, anasema,
usinifundishe mimi maji.
Umekula nini? Sato.
Kimya. Namsikia akimwonea samaki huruma.
Kisha anataja harusi ya binamu,
nani kashona nini, nani kagomba na nani,
na sauti inakatika katikati ya jina,
nabaki nikijaribu kulimalizia.

Jana nilishuka mpaka kwenye maji.
Najua kichocho, nimekifanyia mtihani, nilipata A.
Nilivua kandambili hata hivyo.
Mwanamke alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga,
akanisogezea nafasi bila kunitazama,
kama vile nilikuwepo hapo jana na juzi.
Mawimbi madogo yalikuja, yakarudi,
yanajua kazi ya bahari yote, hayakukosea hata moja.
Nilichovya kidole, nikalamba.
Hakuna. Labda bati. Labda mafuta ya boti.
Yule mwanamke ndipo aliponitazama.

Nilipanda na miguu yenye mchanga.
Mbuke alikuwa ameepua michembe ya karanga,
mvuke umemjaa usoni,
akanisogezea upawa kabla sijakaa:
Hebu onja, wewe. Chumvi imekolea?

Ilikuwa imekolea.
Nikasema bado.